Hesabu Matofali Kabla ya Kubomoa

Mtu akinunua kiwanja chenye nyumba kuukuu hapa Tabora mjini, bei hupangwa kwa ukubwa wa ardhi. Nyumba yenyewe huonekana kero: litafutwe gari, kifusi kikatupwe. Sisi wakadiriaji majenzi tungependa muuzaji aingie ndani na futikamba kwanza. Matofali yaliyomo yamekwisha kuchomwa, na tanuru lililoyachoma lilikula kuni za miombo, msitu uleule unaotegemewa na mabani ya kukaushia tumbaku. Tofali likitoka zima na kutumika tena, halihitaji kuni nyingine.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Bandua plasta sehemu ndogo, pima uso wa tofali moja pamoja na kiungo chake, yaani udongo au saruji iliyo kati ya tofali na tofali. Tuseme umepata sentimita 24 kwa 8.5: mita ya mraba ya ukuta ambao unene wake ni upana wa tofali moja itakuwa na matofali kama 49. Nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye kuta za nje za kimo cha mita 3, ina mita za mraba 108. Ondoa milango na madirisha, tukadirie 18, zibaki 90. Hayo ni matofali yapata 4,400, na kuta za ndani bado hujazigusa.

Ila yaliyomo ukutani na yatakayotoka mazima ni hesabu mbili, na ya pili huamuliwa na kiungo. Nyumba nyingi za zamani ziliungwa kwa udongo, saruji ikaja juu kama plasta tu. Mwenye nyumba huionea aibu, kumbe kwa mbomoaji ni neema: udongo huachia, tofali likakwanguliwa likawa safi. Saruji kali iliyoshika tofali laini la kuchoma haiachii hivyo. Mara nyingi tofali ndilo hupasuka kwanza. Basi usibashiri. Bomoa mita moja ya mraba kwa mkono, hesabu mazima, kisha tumia uwiano huo kwa nyumba nzima. Yaliyopasuka nayo yana kazi, hupangwa chini ya jamvi la sakafu.

Watafiti wa Vienna, Austria, walikwenda kwa njia inayofanana na hiyo kwa mji mzima: walichunguza majengo yanayosubiri kubomolewa, wakapata kiasi cha vifaa kwa kila mita ya ujazo, wakazidisha kwa ujazo wa majengo yaliyo kwenye ramani. Kwetu, Sensa ya Majengo ya 2022, ya kwanza nchini, ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14. Idadi hiyo ni mwanzo mzuri. Ili itupe tani za matofali na mbao, lazima izidishwe kwa vipimo vya nyumba halisi, na vipimo hivyo hupotea kila nyumba inapoangushwa bila kuandikwa chochote.

Tofali lililotoka zima lipimwe pia. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama chuma, mabichi hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Lililotoka kwenye shimo la choo liache, chumvi liliyoinyonya itakuja kubandua plasta mpya.

Paani kazi ni nyepesi. Mabati huhesabiwa kwa macho. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, kwa hiyo huvumilia zaidi kung'olewa na kupigiliwa upya. Tundu la zamani likiwa mgongoni mwa bati huzibika, likiwa bondeni litavuja. Kenchi za mninga ni mali kweli, kwani kiini chake mchwa hawakipendi, lakini chokonoa kwa bisibisi pale mbao inapolala juu ya ukuta, ndipo huozea. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.89 hivi kwa mita, fahamu hilo kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika na mizani yake. Iliyokunjwa ikanyooshwa isirudi kwenye nguzo wala lenta.

Paa la asbesto ni jambo jingine kabisa, na baadhi ya nyumba za zamani za mashirika bado zinalo. Lisikatwe, lisivunjwe, wala vipande visitumike kufunika banda la kuku. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu ambayo huweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Simamisha kazi, umwone mhandisi wa halmashauri.

Mwisho ni mapatano na fundi. Akilipwa kwa mkupuo ataangusha ukuta mzima kwa mtarimbo amalize siku hiyohiyo, na hatalaumika. Mlipe kwa kila tofali zima lililokwanguliwa na kupangwa, na kazi ianze kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijafika.