Dakika 14 za mita 5,000 hazikufaulishi hesabu: dhana potofu kuhusu vyuo vya miaka miwili Marekani

"Mwalimu, huyu kijana ana mbio. Mambo ya vitabu tutayaona akishafika." Mzazi mwingine ameniambia hivyo wiki hii. Kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya wakimbiaji wa Eldoret na Iten wanaotafuta nafasi Marekani kupitia JUCO, yaani vyuo hivyo vya miaka miwili, na kauli hii imenifika kooni. Mifano nitaitoa South Plains College, chuo cha umma kilichoko Levelland, mji mdogo wa pamba na mafuta magharibi mwa Texas, yapata kilomita 50 kutoka Lubbock. Ndiko alikoanzia mkimbiaji wetu Sally Kipyego.

Dhana: Muda mzuri unatosha, masomo yatajipa.

Hayajipi. NJCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hivi tangu 1938, kinamtaka mwanariadha awe mwanafunzi kamili, yaani asome krediti 12 (vipimo vya uzito wa kozi) kila muhula anaoshindana. Ili akimbie msimu wa pili lazima awe amefaulu krediti 24 kwa wastani wa alama 2.00 kati ya 4.00. Vijana wakishasikia 2.00 wanacheka, eti ni rahisi. Sawa, lakini hiyo 2.00 inakubakisha JUCO tu. Kuhamia chuo kikuu cha daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo cha vyuo vikuu, unatakiwa wastani wa 2.5, tena katika krediti zinazohamishika, yaani zile chuo kikuu kinazozikubali.

Neno la kushika hapo ni "zinazohamishika". Ukifika chuo cha umma cha Texas unapimwa kusoma, kuandika na hesabu kwa mtihani uitwao TSI. Ukianguka hesabu, unawekwa kwenye kozi za kujenga msingi. Unazilipia, unaziamkia asubuhi baada ya mazoezi, zinajaza ratiba yako, na chuo kikuu hakizihesabu. Kijana anamaliza mwaka akiwa amekimbia nyika, mbio za ndani na mbio za uwanjani, ana medali kabatini, na sehemu kubwa ya krediti zake haimpeleki popote. Kocha wa chuo kikuu akimpigia simu haulizi muda wake. Huo keshausoma mtandaoni. Anaomba transkripti, karatasi ya alama zake zote.

Tena msidhani mtakuwa na nafasi ya kusoma kama mko likizoni. Kwenye mashindano ya timu nafasi nane za kwanza huleta pointi, kuanzia 10 kwa mshindi hadi 1 kwa wa nane, kwa hiyo kocha mwenye mkimbiaji wa masafa marefu atamtumia. Unakimbia mita 10,000, unapumzika siku moja, unaingia 5,000, na katikati kuna safari ya basi ya saa nyingi. Insha inaandikwa humo humo ndani ya basi.

Ushauri wangu, na wanaonijua wameuchoka: kabla ya kununua viatu vipya, jifunze kuchapa kwa vidole vyote na urudie aljebra ya kidato cha pili na cha tatu. Kuna kozi mbili ninazowaandikia kwenye karatasi wabandike ukutani: ENGL 1301, ya uandishi, na MATH 1314, ya aljebra. Namba hizo ni za pamoja kwa vyuo vya umma vya Texas, kwa hiyo ukizifaulu vizuri Levelland, zinatambulika Lubbock na Houston. Kwangu mimi zinakusaidia kuliko kupunguza sekunde kumi kwenye 5,000.

Kipyego mnamtaja kila siku. Basi mtajeni mzima. Baada ya South Plains alihamia chuo kikuu cha Texas Tech, akatwaa ubingwa wa nyika wa NCAA mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, huku akisomea uuguzi. Fedha ya mita 10,000 aliyoiletea Kenya kutoka Olimpiki ya London 2012 ilikuja baada ya hayo yote.

Dhana: JUCO ni kwa waliofeli.

Sheryl Swoopes alicheza kikapu South Plains, akahamia Texas Tech, na mwaka 1993 akafunga pointi 47 kwenye fainali ya NCAA. Baadaye akachukua dhahabu tatu za Olimpiki. Nadhani inatosha.

Dhana: Chuo cha kijijini ni cha kubahatisha, kinaweza kufungwa wakati wowote.

Hapa watu wanachanganya na vyuo vya biashara vya ghorofani mjini. South Plains kilianzishwa kwa kura ya wakazi mwaka 1957, kikafungua milango 1958, na kinaendeshwa kwa kodi ya mali ya wenyeji, ruzuku ya jimbo na karo. Ndiyo maana mwenyeji hulipa karo ndogo kuliko mgeni. Na kijiji hicho hicho kimetoa mabingwa wa taifa wa JUCO katika kikapu cha wanaume 2008, 2012 na 2018. Makocha wa vyuo vikuu wanaijua njia ya kufika huko.

Dhana: Ukipata JUCO, kila kitu ni bure.

Inategemea daraja la timu ya chuo ndani ya NJCAA. La kwanza linaruhusiwa kulipa karo, ada, vitabu, chakula na malazi. La pili linaishia kwenye karo, ada na vitabu, kwa hiyo kitanda na sahani ni juu yako. La tatu halitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. California wana chama chao, nacho hakitoi. Na "linaruhusiwa" si "litakupa": kocha anaweza kukupa nusu. Isomeni barua ya ufadhili mstari kwa mstari kabla ya kuuza ng'ombe. Mkiona sentensi hamuielewi, nileteeni.

Dhana: Wikendi nitakimbia mbio za barabarani za pesa, nitume nyumbani.

Bila kibali maalumu, viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Pesa za ushindi barabarani zinagusa viza yako na hadhi yako ya mwanariadha wa ridhaa kwa pamoja. Muulize kocha, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kabla hujajisajili. Usimuulize binamu aliyeko Dallas.