Disleksia: maswali ya wazazi wa Bukavu ambao watoto wao wanashindwa kusoma

Disleksia ni nini hasa?

Ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, unaotokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Mtoto anaona, anasikia, anaelewa akielezwa. Kinachomshinda ni kulikata neno katika sauti zake na kuziunganisha upesi na herufi. Makadirio ya kawaida ni watoto 5 hadi 10 kwa kila 100, na mara nyingi hurithiwa. Si uvivu wala uchawi: mtoto asifungishwe chakula kwenye chumba cha maombi kwa sababu ya dikte (imla).

Mbona mwaka wa 1 na wa 2 alisoma, akaanguka wa 3 au wa 4?

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa: vokali 5, kila moja na sauti yake, na silabi nyingi huishia kwa vokali. Mwenye disleksia anaweza kufika mwisho wa mstari, ila kwa kujikokota, hata kwenye neno alilolisoma mistari miwili juu. Kifaransa hakimhurumii. Sauti «o» huandikwa o, au, eau. «Ils parlent» ina herufi za mwisho zisizotamkwa. «An» na «on» ni sauti ambazo Kiswahili hakina. Masomo yakihamia Kifaransa, ugumu uliojificha unatoka nje. Ndiyo sababu katika Kiswahili mwendo wa kusoma unasema mengi kuliko hesabu ya makosa.

Naweza kumpima nyumbani?

Kutambua kama kuna shida, ndiyo. Kwanza hakikisha hakariri: watoto wengi wanashika ukurasa mzima kwa kusikia wenzao wakiuimba darasani. Funika picha, umwonyeshe maneno kuanzia mwisho wa mstari kurudi mwanzo. Kisha mwandikie maneno yasiyokuwepo, kama tamike, lobusa, ndepo. Hayo hawezi kuyakisia. Mwishowe weka karatasi pembeni: «Sema sambaza. Ondoa sa. Kumebaki nini?» Akishindwa kujibu mbaza baada ya mifano mitatu minne, naye amesoma shule miaka miwili, kuna jambo la kufuatilia.

Anaandika «zahabu» badala ya dhahabu, anachanganya l na r. Ndiyo hiyo?

Hapana. Ndivyo wengi tunavyosema huku Kivu. Anaandika anachosikia, na hiyo ni dalili nzuri. Cha kutilia shaka ni bugali kugeuka «dugali» au «buli» hata baada ya mtoto kutimiza miaka 8, au neno moja kuandikwa namna tatu ukurasa mmoja.

Kuna kingine kinachofanana nayo?

Macho yasiyoona ubao, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, na miezi ya shule iliyopotea kwa kukimbia vita. Pimeni macho na masikio kwanza. Aliyekosa masomo tu hupata kasi akifundishwa kwa utaratibu miezi michache. Mwenye disleksia huendelea pia, lakini polepole sana.

Dawa ipo?

Hakuna kidonge wala sirupu. Miwani humsaidia mwenye shida ya macho tu, na vioo vya rangi havitibu disleksia. Msiuziwe.

Basi tufanye nini?

Dakika 15 kila siku, siku 5 kwa wiki. Saa mbili za Jumamosi humchosha bure. Anzeni kwa mdomo: kupiga makofi kwa kila silabi, kuondoa silabi, kubadilisha sauti ya kwanza (meza, beza). Kisha herufi, kwa sauti yake: «mmm», si «emu», maana «emu» na «a» haviungani kuwa ma. Aandike kwenye ardwazi (kibao cha chaki) huku akitamka. Silabi 3 hadi 5 mpya kwa wiki zinatosha, na msisonge mbele mpaka asome 9 kati ya 10 bila kusita. b na d zisifundishwe wiki moja. B ikae imara kwanza. Mbw, ndw na ng' zije mwisho. Wengi huharibu hapa: mzazi anaona mtoto amepata leo, kesho anaruka kurasa kumi, na wiki ya tatu kila kitu kimepotea.

Kurudia mwaka kwa njia ileile ya kufundisha hakubadilishi kitu.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa atafanya nini?

Amketishe mbele. Asimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake bila kumpa kipande hicho jana yake. Amsomee maswali ya mtihani, amwongezee theluthi ya muda, na katika historia au sayansi asimkate pointi kwa tahajia. Herufi kubwa zilizoachana kidogo humsaidia. Hilo chaki inaweza.

Nani anathibitisha?

Mtaalamu wa matamshi na lugha, yaani ortofoniste, au mwanasaikolojia wa watoto, kwa kawaida baada ya karibu miaka miwili ya kujifunza kusoma. Ni wachache huku, na mazoezi hayangoji cheti chao. Mkimpata, mpelekeeni madaftari ya mwaka mzima pamoja na buletini (ripoti ya alama): makosa yanayojirudia ndani ya madaftari yatamwonyesha pa kuanzia.