Sarafu za dhahabu za ushindi wa Roma: yasemwayo na yaliyo kweli

"Zilikuwa medali za kumbukumbu." Zilikuwa pesa. Sarafu hiyo, aureus, ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha. Askari wa legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) enzi za kaizari Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani thamani ya aureus 9, kwa awamu tatu. Basi habari za ushindi zilitembea pamoja na mshahara.

"Mchoro ni picha ya kilichokuwapo." Si lazima. Kaizari Claudius aliivamia Britania mwaka 43 BK. Aureus zake za 46–47 zina tao lililoandikwa DE BRITANN (yaani ushindi juu ya Wabritania), na juu yake sanamu ya mpanda farasi katikati ya silaha zilizotekwa. Tao la mawe jijini Roma lilizinduliwa mwaka 51 au 52. Sarafu ilitangulia jengo. Kwenye sarafu za kaizari Vespasianus, mwanamke aliyeketi akiomboleza juu ya neno IVDAEA si mateka fulani, ni nchi nzima ya Uyahudi. (V hiyo ni U ya Kilatini. Fundi hakukosea.)

"Uzito ni uleule." Tangu kaizari Nero, mwaka 64, ratili ya Kirumi ya dhahabu ilitoa aureus 45, kama gramu 7.3 kila moja. Kaizari Caracalla, baadaye sana, alitoa 50, kama gramu 6.5. Kwa hiyo aureus ya Vespasianus yenye gramu 6.5 itilie shaka.

"Iume, dhahabu ni laini." Madini ya risasi nayo ni laini, na utaacha alama ya jino kwenye mali. Pima hivi: ipime sarafu ikiwa kavu. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa glasi. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka. 7.30 kwa 0.380 ni 19.2, yaani uzito mara 19.2 ya maji: dhahabu karibu safi. Risasi iliyopakwa dhahabu, yenye uzito huohuo, itasoma kama 0.64 kwenye mizani. Ikigusa chini, kipimo kimeharibika. Kiputo cha hewa kikiing'ang'ania, dhahabu nzuri itaonekana hafifu. Tumia mizani ya gramu 0.001, maana kosa la 0.01 tu hulisogeza jibu kwa nusu nzima.

Hata hivyo, kipimo hiki huhusu madini, si umri. Waghushi hodari hutumia dhahabu halisi. Hapo chukua lenzi: sarafu ya Kirumi ilipigwa kwa nyundo, kwa hiyo mshono ukingoni au vishimo vya viputo kwenye herufi huonyesha kwamba imesubiwa kwenye kalibu.