Kwa nini mtu wa kwanza ndiye anayesubiri

Kila toleo jipya la programu linapopandishwa kwenye seva, mtu wa kwanza kubisha hodi ndiye anayeumia. Ukurasa ambao baadaye utafunguka kufumba na kufumbua, yeye unamkalisha sekunde kadhaa. Ukitazama wastani wa siku huoni kitu, kwa hiyo wengi hulipuuza. Mimi sikubali. Mtu huyo hakukosea chochote; amekuta maandalizi yetu hayajafanyika, na yanaanza kufanyika yeye akiwa mlangoni.

Tuchukue Java, lugha ya programu ninayoijua zaidi. Klasi, yaani kila kifurushi cha msimbo, hupakiwa inapohitajika kwa mara ya kwanza, si programu inapowaka. Kisha msimbo huanza kwa kufasiriwa hatua kwa hatua. HotSpot, mashine inayoendesha msimbo wa Java, husubiri kuona kipi kinaitwa sana: kwa mipangilio ya kawaida, methodi (kazi moja ndani ya klasi) iliyoitwa mara 200 hivi hupelekwa kwa kompaila ya haraka, C1, inayoigeuza kuwa lugha ya mashine, na ikifika mara 5,000 hivi huenda kwa C2, inayochukua muda zaidi lakini hutoa msimbo wenye kasi zaidi. Ndiyo maana ombi moja la kuamsha programu, tunalolituma wenyewe kabla ya watu kufika, halitoshi. Litapakia klasi na kufungua miunganisho, lakini kompaila bado haijapata sababu ya kufanya kazi. Tuma mamia, ukiweza maelfu.

Upande wa hifadhidata mzigo ni wa mtandao. Kufungua muunganisho wa TCP, njia ya kawaida ya mawasiliano mtandaoni, ni safari moja ya kwenda na kurudi; usimbaji wa siri wa TLS 1.2 unaongeza mbili, TLS 1.3 moja, kisha ndipo nywila inapokaguliwa. Hifadhidata ikiwa mbali, hizo safari zinahesabika. Fungua miunganisho ya akiba programu inapowaka, kabla hajafika mtu.

Kuna mambo madogo yanayoponyoka. Spring Boot, zana ya kujengea programu za Java, usipoigusa, huandaa DispatcherServlet, sehemu inayopokea maombi yote, pale ombi la kwanza linapoingia; weka spring.mvc.servlet.load-on-startup kuwa 1 na hilo limekwisha. IIS nayo, seva ya wavuti ya Microsoft, kwa kawaida, huizima programu iliyokaa dakika 20 bila kuitwa, kwa hiyo huko “mtu wa kwanza” anaweza kutokea mara nyingi kwa siku moja. Wanaotumia lugha ya PHP wana OPcache, inayohifadhi msimbo uliokwisha kuandaliwa, tangu toleo la 5.5, na tangu 7.4 wanaweza kupakia mafaili mapema kabisa.

Lakini kosa lililonigharimu zaidi halikuwa katika lolote kati ya hayo. Katika mfumo mmoja niliokuwa nautunza, tulikuwa na anwani ya kupima kama programu iko tayari. Ilirudisha neno moja tu, bila kugusa hifadhidata wala kiolezo cha ukurasa. Kubernetes, mfumo unaoendesha na kusimamia programu zetu kwenye seva, ikiuliza, ikajibiwa “tayari”, ikafungulia watu njia, nao wakaingia kwenye programu ambayo ndiyo kwanza inaamka. Tulikuwa tunasema uongo bila kujua.

Tulichobadilisha ni mpangilio. Programu ikiwaka, inajitumia yenyewe maombi kwenye kurasa zinazotembelewa zaidi, zile zile za kweli, kwa data inayofanana na ya kweli. Hapo ndipo anwani ya utayari inaruhusiwa kujibu ndiyo. Tumia njia za kusoma peke yake: ombi la kuamsha likigusa malipo au kutuma barua pepe, umeleta balaa jipya. Na kama kuamka kunachukua muda, weka startupProbe, kipimo cha Kubernetes kinachosubiri programu imalize kuwaka, la sivyo kontena (kifurushi kinachobeba programu) linaweza kuuawa na kuanzishwa upya kabla halijamaliza.

Kupima nako kubadilike. Acha wastani wa siku. Chukua dakika tano za kwanza baada ya kila toleo, uzichore peke yake, na utazame asilimia moja ya majibu yaliyochelewa kuliko yote. Tulipofanya hivyo ndipo tulipoona kwamba seva mpya zinazoongezwa mzigo unapopanda zilikuwa zinaleta kuchelewa kule kule, saa ambayo watu ni wengi zaidi.