Lenço: kitambaa kilichotuzalia leso

Katika darasa langu la Kireno, sentensi fupi ya mzee aliyetoa lenço mfukoni iliwahi kuzua kicheko. Mwanafunzi kutoka Dar es Salaam alitafsiri bila kusita, "alitoa leso mfukoni", na mwenzake wa Mombasa akauliza ni mfuko gani huo unaoingia leso. Wote wawili walikuwa sahihi, na ugomvi wao una historia ndefu.

Kwa Mreno, lenço ni kitambaa cha mraba cha kufutia jasho au kamasi, au cha kujifunga kichwani na shingoni. Hata hivyo, neno hilo halikuanza kwa kutaja kazi, bali malighafi, kwa maana linatokana na linteum ya Kilatini, yaani nguo ya kitani, nalo limejengwa juu ya linum, kitani chenyewe, ambacho Kireno cha leo hukiita linho. Umbo lake la udogo lilikuwa linteolum, kijitambaa, na udogo huo umesahaulika kabisa: lençol ya Kireno ni shuka la kitandani, na linceul ya Kifaransa ni sanda.

Irabu ya kwanza ya lenço hutamkwa puani, jambo ambalo Kiswahili hakina, kwa hiyo ikabaki e ya kawaida. Kinachonivutia zaidi ni konsonanti. Mesa ilikuja kwetu ikawa meza, ilhali lenço ikawa leso, na tofauti hiyo si ya kubahatisha, kwa kuwa Mreno huitamka s iliyo kati ya irabu mbili kama z, lakini ç yake ni s siku zote. Waliokopa walikuwa na masikio makini kuliko tunavyowadhania.

Tanzania ilishika maana ya kitambaa cha mfukoni. Mombasa ilikwenda mbali zaidi: inasimuliwa kwamba, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora, wakachukua sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja. Jina la kipande likabaki kwa nguo nzima, ambayo wengine huiita kanga.

Ureno nako lenço ilipata maneno yake. Katika jimbo la Minho, kaskazini mwa nchi hiyo, msichana alitarizi maua, ndege na beti za mahaba kwenye kitambaa cha kitani au pamba, akampa kijana, na kijana akikivaa hadharani ilieleweka kwamba amekubali. Mwenye leso yenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, hahitaji kuelezwa zaidi. Wengi wa wasichana hao hawakusoma sana, wakatarizi kama walivyotamka, ndiyo maana vai, yaani "enda", huonekana kwenye uzi mwekundu ikiwa bai, kwa lafudhi ya kaskazini.