Je, wajua kwa nini bondia hupanda ulingoni na jina la pili?

John Mugabi wa Kampala alirudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akaingia ngumi za kulipwa na kuanza kuitwa The Beast, yaani Mnyama. Kila mpinzani alimmaliza kwa nokauti, mpaka tarehe 10 Machi 1986 alipokutana na Marvelous Marvin Hagler huko Las Vegas na kuangushwa raundi ya 11. Mnyama dhidi ya Hagler wa Ajabu: hata mtu asiyefuatilia ndondi angeuliza pambano ni lini.

Sababu kubwa ya majina haya ni hiyo hiyo, biashara. Shabiki wa klabu ya soka ya SC Villa anaweza kuirithi timu kwa baba yake, na wachezaji wakibadilika timu inabaki. Bondia hana jezi wala klabu ya kumbeba mbele ya wanunuzi wa tiketi. Ana uso wake, rekodi yake na jina ambalo mtangazaji atalipaza. Hagler alilijua hilo vizuri. Watangazaji wa televisheni walipoona uzito kumwita Marvelous, alikwenda kubadili jina lake kisheria mwaka 1982, na Marvelous likawa jina lake halali.

Lakini zamani wengi walitafuta jina la pili ili wajifiche. Benjamin Leiner wa New York alipigana kwa jina la Benny Leonard ili wazazi wake wasijue. Walker Smith alikuwa na umri mdogo mno kuruhusiwa ulingoni, akatumia kadi ya kijana mwingine aliyeitwa Ray Robinson. Baadaye akaongezewa Sugar kwa sababu ya utamu wa mchezo wake, na kadi ya kuazima ikazaa jina kubwa kuliko yote katika ndondi. Ray Leonard naye akaichukua hiyo Sugar, na Juni 1981 akamvua Mganda mwenzetu Ayub Kalule mkanda wa WBA, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, huko Houston.

Nirudi kwa Mugabi, maana jina lake halijawahi kunikaa vizuri. Lilieleza nguvu za ngumi zake, sikatai. Ila kumwita Mwafrika mnyama mbele ya watazamaji wa Ulaya na Marekani kuna uchungu wake. Sharif Bogere, naye wa Kampala, alijulikana kama The Lion, akawa anaingia ulingoni ndani ya kizimba huku amevaa ngozi ya simba. Hilo nalipokea kwa moyo mwingine kabisa. Buganda kuna ukoo wa Mpologoma, yaani simba, na Kabaka mwenyewe, mfalme wa Buganda, husifiwa kwa jina hilo. Anayekuita simba kwetu amekupa heshima.

Ninalolipenda kuliko yote ni la Kassim Ouma, The Dream. Alitekwa akiwa mtoto na kufanywa askari wa NRA, jeshi la Yoweri Museveni lililopigana msituni, ndondi akaziendeleza jeshini, kisha akabaki Marekani alipokwenda huko kupigana. Mwaka 2004 alimshinda Verno Phillips na kutwaa mkanda wa IBF, shirika jingine la ubingwa wa dunia. Ukishajua alikotoka, huhitaji kuuliza kwa nini anaitwa Ndoto. Justin Juuko aliitwa The Destroyer, Mharibifu, na majina ya namna hiyo yako mengi duniani. Ni ya kutisha mpinzani, basi.

Kuna pia sababu ambayo watu wa Kampala wataielewa haraka. Majina yetu ya koo yanajirudia mno. Joseph Lubega alipigana kama Joey Vegas, na jina hilo likashika. Ukiingia leo kwenye jimu na kumuulizia Lubega, utaulizwa kwanza ni Lubega yupi. Ukisema Joey Vegas, mazungumzo yanaanza hapo hapo.