Chakula Freshi cha Mbwa na Paka: Mtihani wa Kiwanda Uko Kwenye Kupoza

Wafugaji wengi wanaotuuliza kuhusu chakula freshi cha mbwa na paka hutaka kujua kimetengenezwa kwa nyama gani. Ni swali la haki. Ila mkaguzi anayeijua kazi yake akiingia kiwandani haanzi na nyama. Anaomba daftari la joto, na humo anatafuta kumbukumbu za kupoza: chakula kilitoka motoni saa ngapi, na kilikuwa baridi saa ngapi.

Tunaposema chakula freshi tunamaanisha nyama, maini, mboga na pengine nafaka, vilivyopikwa kwa moto wa kadiri au kuachwa vibichi, vikauzwa kutoka kwenye friji au friza. Maji yake ni kama asilimia 70 ya uzito wote. Chakula kikavu cha punje kina takriban asilimia 10, na ukavu huo pekee unatosha kuwanyima bakteria nafasi ya kuzaana. Chakula cha kopo kina maji mengi, lakini hupikwa kikiwa kimeshafungwa, kwenye joto la nyuzi 121 hivi, kwa hiyo hukaa kabatini muda mrefu bila kuharibika. Chakula freshi hakina ukavu wala moto huo mkali. Ulinzi wake mkubwa ni baridi, kuanzia kiwandani hadi kwenye bakuli la mnyama.

Kabla nyama haijaguswa, mtaalamu wa lishe anapiga hesabu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayelelewa kwa nyama tupu huota mifupa dhaifu, hata kama anaipenda na anashiba. Kwa hiyo kalsiamu huongezwa hadi isiwe pungufu ya fosforasi. Paka ana mahitaji yake mwenyewe: lazima apate taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, na mwili wake hautengenezi ya kutosha. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko California walionyesha kwamba paka waliokosa taurini moyo wao ulitanuka na kushindwa kusukuma damu, na kwamba wengi walipata nafuu walipopewa. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kiwanda kinachochemsha nyama na kumwaga mchuzi kinaimwaga pamoja nao. Mchuzi hurudishwa kwenye mchanganyiko.

Vitamini na madini huja kama unga mmoja, premiksi. Hapa ndipo makosa madogo huwa makubwa. Chukua vitamini D: kiwango cha chini kinachotajwa na miongozo ya Marekani kwa mbwa ni mikrogramu 12.5 tu kwa kila kilo ya chakula kilichoondolewa maji. Kwa tani nzima hiyo ni miligramu 12.5, kitu kisichoonekana vizuri kwenye ncha ya kidole, na inatakiwa ienee sawasawa. Ndiyo maana premiksi huchanganywa kwanza na sehemu ndogo ya chakula, kisha sehemu hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye mashine kubwa. Mwaka 2019 nchini Marekani chakula cha makopo cha mbwa kiliondolewa sokoni kwa sababu premiksi iliyonunuliwa kwa msambazaji ilikuwa na vitamini D kupita kiasi. Ikizidi, vitamini hiyo hudhuru figo. Kiwanda makini hupima kila shehena ya premiksi, hata kama karatasi za muuzaji zinasema kila kitu kiko sawa.

Mapokezi ya malighafi si jambo la kueleza kwa kirefu. Nyama iliyopozwa ipokelewe ikiwa nyuzi 4 au chini ya hapo, iliyogandishwa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na gari lililochelewa likafika na joto lirudishwe lilikotoka. Nyama husagwa ikiwa bado na barafu kidogo, kwa sababu visu vya mashine hutoa joto na mafuta yakianza kuyeyuka chakula hakishikani.

Halafu kinapikwa. Kipimajoto huchomwa katikati ya chakula, mahali panapochelewa kuiva, na kwa nyama ya kuku lengo ni nyuzi 74. Baadhi ya viwanda hupika kwenye sufuria kubwa za mvuke kisha hufungasha. Vingine hufungasha kwanza, chakula kikaivia ndani ya mfuko wake. Mimi naegemea njia ya pili. Chakula kilichoiva kikipita hewani, kwenye mikanda na mikononi mwa watu, kinaweza kuokota Listeria, bakteria anayeendelea kuzaana hata ndani ya friji, ingawa polepole.

Sasa tufike kwenye kupoza. Moto wa nyuzi 74 huua bakteria wa Salmonella, lakini hauui spora, yaani mbegu ngumu, za bakteria mwingine anayeitwa Clostridium perfringens. Spora hizo hustahimili mapishi, na chakula kikishuka hadi kwenye nyuzi 40 na kitu, zinachipua na kuzaana kwa kasi ya ajabu. Kwa hiyo lazima chakula kipite kwenye joto hilo haraka. Mwongozo wa usalama wa chakula cha binadamu wa Marekani unataka kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kwenye karatasi ni rahisi. Shida ni unene: ukiongeza unene wa pakiti mara mbili, muda wa kitovu chake kupoa huongezeka karibu mara nne. Pakiti nono inaweza kuwa baridi ukiigusa nje huku katikati ikiwa bado vuguvugu. Ndiyo sababu pakiti nyingi ni bapa, na viwanda huzizamisha kwenye maji ya barafu au kuzipitisha kwenye upepo baridi mkali badala ya kuzipanga tu kwenye chumba cha friji.

Chakula kibichi hakina hatua ya moto, kwa hiyo baadhi ya viwanda hukitia kwenye mtambo wa shinikizo: pakiti huzamishwa kwenye maji baridi yanayobanwa hadi megapaskali 600, zaidi ya mara tano ya shinikizo lililopo kwenye kina kirefu kabisa cha bahari, kwa dakika chache. Bakteria wengi hufa, spora hubaki. Kugandisha peke yake hakutoshi. Mwishoni mwa 2024 huko Marekani, paka wa nyumbani walikufa baada ya kula chakula kibichi kilichogandishwa kilichokuwa na virusi vya mafua ya ndege, H5N1.

Pakiti hupita kwenye mashine ya kugundua vipande vya chuma, sampuli hupelekwa maabara, na bechi, yaani chakula chote kilichotengenezwa kwa mkupuo mmoja, husubiri majibu kabla ya kupakiwa. Kiwanda kinachosafirisha kwanza na kusoma majibu baadaye kinacheza kamari kwa afya ya wanyama wa watu wengine.

Nyumbani, yeyusha pakiti ndani ya friji, si mezani. Ikiwa imevimba, itupe bila kuionja wala kuinusa. Ukishaifungua, itumie ndani ya siku chache kama lebo inavyoelekeza, nawa mikono, na osha bakuli kila baada ya mlo. Usitupe mfuko mpaka chakula kiishe, kwa sababu bidhaa ikiondolewa sokoni, tangazo litataja namba ya bechi, na namba hiyo iko kwenye mfuko.